Pikapu ya daraja haikuridhishi? Tafuta chanzo kabla ya kununua nyingine

Pikapu ni kifaa cha sumaku na koili ya waya kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme. Kwenye gitaa la umeme hakuna kifaa kinacholaumiwa kama pikapu iliyo karibu na daraja, yaani kipande kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa. Sauti ikichoma masikio, kosa ni lake. Solo ikikosa nguvu, ni lake. Mvumo ukizidi, ni lake. Mtu ananunua nyingine ya bei kali, anailehemu, na ugonjwa unabaki palepale, kwa sababu chanzo kilikuwa kimo cha pikapu, poti (kidude cha kuzungusha cha volumu au toni), waya wa ethi au kebo ya mita sita. Hapa tunaanzia kwenye dalili unayoisikia, tunaifuata hadi kwenye chanzo, na dukani tunafika pale tu ambapo pikapu yenyewe ni mbovu au haifai kwa muziki unaoupiga.

Magitaa yanayohusika ni ya mitindo miwili ya Fender: Telecaster, iliyoanza mwaka 1950 kwa majina ya Esquire na Broadcaster kabla ya kupata jina lake la sasa mwaka 1951, na Stratocaster ya mwaka 1954. Nakala za kampuni nyingine zina maumbile yaleyale na magonjwa yaleyale. Mpiga solo wa sebene au benga ana sababu ya ziada ya kuwa makini: anapiga bila distosheni (sauti iliyokwaruzwa makusudi), juu ya freti ya 12, na huko kila kasoro ya pikapu ya daraja inasikika wazi.

Pima kwanza

Usifungue gitaa bado. Chomeka kebo kwenye jeki, weka swichi kwenye daraja peke yake, volumu na toni zote zifike 10. Weka multimita kwenye kipimo cha omu cha 20k. Gusa ncha ya plagi kwa waya mmoja wa multimita na mwili wa plagi kwa mwingine. Pikapu ya Stratocaster ya mtindo wa zamani husoma takriban kilo-omu 5.5 hadi 6.5. Ya Telecaster husoma 6 hadi 7.5, na hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, ya mtindo wa miaka ya 1950 husoma 7 hadi 9. Namba itakuwa chini kidogo ya ile iliyoandikwa kwenye boksi kwa sababu poti ya volumu iko sambamba na koili: pikapu ya 6.5 pamoja na poti ya 250k husomeka kama 6.3.

Joto nalo linahesabiwa. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja. Pikapu iliyopimwa kiwandani kwa nyuzijoto 20 ikasoma 7.0 itasoma 7.3 kwenye chumba cha nyuzijoto 32 Mombasa au Dar es Salaam. Hiyo si hitilafu, wala hujauziwa pikapu nyingine.

Multimita ikionyesha OL au 1 kwenye 20k, yaani imezidi kipimo, ihamishie kwenye 2M. Ikisoma karibu 250k, unachokiona ni poti peke yake, na koili imekatika au waya wake umeachia. Ikisoma sifuri huku volumu ikiwa 10, kuna shoti: mara nyingi ni uzi mmoja wa waya uliochomoza kwenye jeki, au waya wa moto, yaani unaobeba sauti, unaogusa mgongo wa poti.

Kimo kinafuata. Bana uzi wa 6, ule mnene, kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi kati ya upande wa chini wa uzi na juu ya nguzo ya sumaku. Fanya hivyohivyo kwa uzi wa 1. Kwa pikapu za mtindo wa zamani anza na milimita 2.4 upande wa besi na 2.0 upande wa uzi wa 1, kisha sogeza robo mzunguko wa skrubu kwa kila jaribio, ukisikiliza. Kama nyuzi zina kutu au zimepigwa miezi mingi, badilisha kabla ya kutoa hukumu yoyote. Pikapu haiwezi kurudisha sauti za juu ambazo uzi wenyewe hautoi.

Sauti inachoma masikio

Hii ndiyo dalili inayouza pikapu nyingi kuliko zote, na kwenye Stratocaster chanzo chake cha kwanza hakimo ndani ya pikapu kabisa. Katika uungaji wa asili wa gitaa hili, poti mbili za toni zinahudumia pikapu ya shingo na ya kati. Ya daraja haina toni. Ukizungusha poti zote mbili hadi sifuri huku swichi ikiwa kwenye daraja na sauti isibadilike, gitaa lako limeungwa hivyo.

Tiba ni waya wa sentimita mbili. Kwenye swichi ya njia 5 kuna pande mbili za vituo. Upande mmoja pikapu zinaingia. Upande wa pili nyaya zinatoka kwenda kwenye poti za toni, na hapo utaona kituo cha daraja kiko wazi. Kiunganishe na kituo cha jirani cha pikapu ya kati kwa kipande cha waya, na toni ya pili itahudumia zote mbili. Hata ukiiacha toni hiyo kwenye 10, ukali utapungua, maana pikapu sasa inabeba poti mbili za 250k sambamba, yaani 125k badala ya 250k, na kilele cha sauti za juu kinapungua makali. Fanya hivi kabla ya kununua chochote. Wengi hawatahitaji hatua inayofuata.

Kama ukali bado upo, angalia thamani ya poti. Koili moja inataka 250k. 500k ni kwa hambaka. Gitaa lililowahi kuwa na hambaka, au lililofungwa poti iliyopatikana tu kwenye duka la vipuri vya redio, linaweza kuwa na 500k na pikapu ikapiga kelele bila kosa lake. Poti huandikwa mgongoni A250K au B500K: A ni ya mwendo wa sauti, B ni ya mwendo sawa. Uandikaji huo nao una uhuru wa asilimia 20 kwenye poti za kawaida, kwa hiyo iliyoandikwa 250k inaweza kuwa 200 au 300. Ipime ikiwa imetolewa kwenye saketi.

Kebo ni chanzo cha tatu, ila inafanya kazi kinyume na wanavyodhani wengi. Kebo fupi huongeza ukali, ndefu huupunguza. Kebo ya kawaida ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Pikapu ya Stratocaster yenye indaktansi (kipimo cha jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya umeme) ya henri 2.4 ikitumia kebo ya mita 3 ina kilele cha sauti, yaani masafa inayoyatoa kwa nguvu zaidi, karibu na hezi 5,100. Ukiweka kebo ya mita 6, kilele kinashuka hadi karibu 3,900. Tofauti hiyo unaisikia bila kuhitaji sikio la fundi. Aliyehama kutoka kebo ndefu kwenda kifaa cha kutuma sauti bila waya mara nyingi hulalamika siku hiyohiyo kwamba daraja limekuwa kali.

Ukishapita hayo yote na bado sauti haivumiliki, ndipo pikapu inakuwa mtuhumiwa halali. Ifungue uigeuze. Ukikuta kipande bapa cha sumaku nyeusi kimegundishwa chini na nguzo ni vyuma vya kawaida, hiyo ni pikapu ya seramiki, ya aina inayofungwa kwenye magitaa ya bei nafuu. Kuibadilisha kwa yenye nguzo za alniko (aloi ya sumaku yenye alumini na nikeli) ni badiliko utakalolisikia kweli.

Sauti nyembamba, dhaifu, kama inatoka kwenye simu

Uliza kwanza: inakuwa hivyo daraja likiwa peke yake, au linapochanganywa na pikapu ya jirani?

Ikiwa ni peke yake, na multimita imeonyesha OL, koili imekatika. Koili iliyokatika haifi kimya kabisa. Mara nyingi hupitisha kidogo sauti za juu, ndiyo maana watu hudhani ni pikapu dhaifu. Angalia chini ya pikapu, kwenye vijitundu viwili vya shaba ambako nyaya za nje zimelehemiwa. Waya wa koili unaofika hapo una unene wa milimita 0.063, mwembamba kuliko unywele. Ukiona doa la kijani kwenye kijitundu, chumvi ya jasho au ya hewa ya bahari imeshaula waya. Kama umekatikia nje ya koili, mwenye miwani ya kukuza na mkono mtulivu anaweza kuukwangua enameli na kuulehemu upya. Kama umekatikia ndani, pikapu inahitaji kusukwa upya. Kwenye pikapu za Fender waya unazungushwa moja kwa moja juu ya nguzo za sumaku, na nguzo zikishika kutu ndani hukata mizunguko ya kwanza. Kwa anayeishi pwani, hili linatosha kuwa sababu ya kutafuta pikapu ambayo nguzo zake zimepakwa laka kabla ya kusukwa.

Ikiwa udhaifu unatokea pale tu pikapu mbili zinapofanya kazi pamoja, zikiwa peke yake ni nzima, basi zina fezi kinyume, yaani mawimbi ya moja yanafuta ya nyingine. Hili hutokea zaidi baada ya kufunga pikapu mpya ya kampuni tofauti. Kabla hujaligusa, sikiliza mvumo, kwa sababu mvumo unakuambia kosa liko wapi.

Fezi ya sauti inategemea mambo mawili, mwelekeo wa sumaku na mwelekeo wa koili. Mvumo unategemea koili peke yake. Kwa hiyo, sauti ikiwa nyembamba na mvumo ukabaki, pikapu hizo zinatofautiana sumaku. Badilisha nafasi za nyaya mbili za pikapu moja na utapata faida mara mbili: sauti itajaa na mvumo utafutika katika nafasi hiyo. Sauti ikiwa nyembamba na mvumo umetoweka, zinatofautiana koili tu. Ukibadilisha nyaya sauti itajaa lakini mvumo utarudi, kama ilivyokuwa kwenye magitaa ya miaka ya 1950 na 1960. Huo si ubovu.

Kwenye Telecaster kuna mtego. Pikapu ya daraja ina bamba la chuma chini yake, na kipande kidogo cha waya kinaliunganisha bamba hilo na waya mweusi. Ukibadilisha nyaya bila kukikata kipande hicho, bamba linakuwa upande wa moto, na kwa kuwa skrubu zinaligusisha bamba na daraja, nyuzi zote zinakuwa za moto pia. Mvumo utapanda kila unapogusa nyuzi. Kata kipande hicho, badilisha nyaya, kisha lehemu waya mpya wa tatu kutoka kwenye bamba hadi mgongoni mwa poti. Kifuniko cha chuma cha pikapu ya shingo kina kipande cha namna hiyohiyo, na kanuni ni ileile.

Sauti nzito, kama imefunikwa blanketi

Mara nyingi hapa mtu ameshabadilisha pikapu, akanunua yenye namba kubwa ya kilo-omu akitafuta nguvu. Kuna dakika za kutumia kabla ya kuiuza. Ishushe milimita nzima. Hakikisha poti si ya 100k au ndogo zaidi. Pia pima toni: poti iliyochakaa inaweza kubaki imefunga nusu hata ikiwa kwenye 10. Njia ya haraka ni kukata kwa muda waya unaokwenda kwenye toni. Sauti ikifunguka ghafla, chanzo ni poti au kapasita, kifaa kidogo kinachoondoa sauti za juu toni ikishushwa.

Kapasita kubwa si kosa ikiwa toni iko 10. Stratocaster za zamani zilitumia mikrofaradi 0.1, za leo nyingi zinatumia 0.022, na tofauti unaisikia pale tu unapoizungusha toni kuelekea chini.

Mvumo

Pikapu ya koili moja inavuma. Hivyo ndivyo ilivyoumbwa. Kwetu umeme ni wa hezi 50, na mvumo wake unasikika pamoja na vizidishi vya 100 na 150. Marekani ni hezi 60, ndiyo maana mvumo wa kwenye rekodi za huko hauna kimo cha sauti sawa na wa kwako. Geuka taratibu ukiwa na gitaa mkononi. Mvumo ukipungua katika upande fulani na kuongezeka katika mwingine, pikapu inadaka hewani kutoka kwenye transfoma, taa au chaja ya simu. Inveta ya sola ya bei nafuu, isiyotoa wimbi laini, ni mbaya kuliko vyote, na hakuna pikapu ya koili moja itakayoishinda.

Mvumo unaopungua ukigusa nyuzi ni kawaida. Unaoongezeka ukigusa maana yake moto na ethi vimebadilishana mahali fulani, hasa kwenye jeki au kwenye bamba la Telecaster kama ilivyoelezwa. Ambao haubadiliki hata kidogo ukigusa, huku ukiwa mkubwa, unamaanisha nyuzi hazina ethi. Weka multimita kwenye omu, gusa daraja na mwili wa jeki: inatakiwa isome chini ya omu 1 au 2. Kwenye Stratocaster waya huo wa ethi umelehemiwa kwenye kipande cha chuma kiitwacho kucha, kinachoshika springi nyuma ya gitaa. Kwenye Telecaster nyingi ethi ya nyuzi inapitia bamba la pikapu, kwa hiyo ukifunga pikapu isiyo na bamba umekata ethi bila kujua. Tembeza waya mwingine kutoka chini ya daraja hadi kwenye poti.

Kama yote ni sawa na mvumo wenyewe ndio usiouvumilia, tafuta pikapu ya koili mbili zilizopangwa juu na chini ndani ya umbo la koili moja. Mvumo unakufa, na sehemu ya uwazi wa sauti nayo inapungua. Kwa anayerekodi kwenye chumba chenye nyaya nyingi, ni biashara nzuri.

Mluzi sauti ikipandishwa

Piga kidogo kifuniko cha pikapu kwa kucha huku amplifaya ikiwa juu. Mgongano ukisikika kwenye spika kama umegonga maikrofoni, koili imelegea na inatetemeka. Kwenye Telecaster jaribu kwanza kubana kwa kidole ukingo wa mbele wa sahani ya daraja mluzi ukiwa unalia. Ukinyamaza, sahani imepinda na imeinuka kutoka kwenye mbao. Inyooshe, au ongeza skrubu mbili mbele. Bamba la chini lililobanduka kutoka kwenye pikapu nalo hulia vivyo hivyo.

Koili iliyolegea hutibiwa kwa nta. Changanya sehemu nne za parafini na moja ya nta ya nyuki, iyeyushe kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana mvuke wa nta unawaka. Tumia kipimajoto na usivuke nyuzijoto 65, la sivyo plastiki itapinda. Zamisha pikapu bila kifuniko hadi mapovu yakome, kwa kawaida dakika 10 hadi 20, kisha itoe, uipanguse na uiache ipoe yenyewe.

Nyuzi hazilingani, au besi inayumba

Uzi wa 3 ukiruka juu ya mingine yote, tazama nguzo. Pikapu za mtindo wa zamani zina nguzo za vimo tofauti, na ya uzi wa 3 ni ndefu kwa sababu zamani uzi huo ulikuwa wa kusokotwa. Leo wengi tunatumia uzi wa 3 mtupu, na nguzo ileile inaupa sauti kupita kiasi. Usijaribu kuisukuma nguzo chini kwa nyundo: koili imezungushwa juu yake na waya utakatika. Nunua yenye nguzo sawa, au zilizopangwa kwa nyuzi za kisasa.

Uzi wa 6 ukitoa sauti inayopandana na kuyumba ukipigwa juu ya freti ya 12, kana kwamba umepotea tyuni, sumaku inauvuta. Alniko 5 ndiyo yenye mvuto mkubwa katika zile zinazotumika sana. Shusha pikapu zote tatu, si ya daraja peke yake, kwa kuwa ya shingo na ya kati huvuta zaidi pale uzi unapotembea sana.

Sasa kama lazima ununue

Usichague kwa kilo-omu. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukinzani unakuambia urefu na wembamba wa waya tu. Waya wa AWG 43 (AWG ni namba za Marekani za unene wa waya) ni mwembamba kuliko wa 42, na kwa mizunguko ileile husoma karibu robo zaidi bila kuongeza sauti. Pikapu mbili, moja ya 6.4 na nyingine ya 8, zinaweza kuwa na nguvu karibu sawa. Telecaster za mwanzo kabisa zilisukwa kwa waya wa 43, kisha zikahamia 42, na zote zina mashabiki wao kwa haki.

Namba ya kuuliza ni indaktansi, kwa henri. Watengenezaji makini huitoa. Kwa kebo ya mita 3, pikapu ya henri 2.4 ina kilele karibu na hezi 5,100, ya 3.5, kiwango kinachokutwa kwenye pikapu za daraja za Telecaster, karibu 4,250. Ya 8, kama zile za seramiki zenye nguvu kubwa, karibu 2,800. Kadiri kilele kinavyoshuka ndivyo sauti inavyojaa katikati na kupoteza mlio wa kengele. Mpiga solo wa benga anayetaka kila noti idondoke peke yake abaki chini ya henri 3 na nusu. Anayepiga roki kwa distosheni anaweza kupanda. Kuweka pikapu ya henri 8 kwenye gitaa la mtindo wa zamani kwa ajili ya sebene ni kununua blanketi tulilolizungumza hapo juu.

Sumaku inafuata. Alniko 5 inatoa mshindo na sauti za juu zilizo wazi. Alniko 2 ni laini zaidi, na alniko 3, ambayo haina kobalti, ndiyo dhaifu kuliko hizo. Kwa daraja la Stratocaster lililo kali, alniko 2 au 3 hupunguza makali bila kuifunika sauti, na hilo naliona ni chaguo bora kuliko kuongeza mizunguko. Kwa Telecaster ningebaki na 5, maana ukali wake ndio uhai wake.

Ulinganifu na pikapu za jirani nao una uzito. Karibu na daraja uzi unatembea kidogo, kwa hiyo pikapu ya hapo hutoa sauti ndogo. Stratocaster za miaka ya 1950 zilikuwa na pikapu tatu zilizosukwa kwa namna moja, na mpigaji alisawazisha kwa bisibisi. Leo seti nyingi huongezewa mizunguko ya daraja kidogo. Kama shingo na kati zinasoma 5.8, ya daraja ya waya uleule inayosoma 6.2 hadi 6.8 itakaa nazo vizuri. Ya 10 itazimeza.

Pima umbo kwa rula kabla ya kulipa. Kwenye gitaa lako, pima nafasi kati ya uzi wa 1 na wa 6 juu ya pikapu, si kwenye daraja. Pikapu za Stratocaster nyingi zina takriban milimita 52 kati ya nguzo za pembeni, za Telecaster daraja karibu 54 hadi 55. Uzi ukitoka milimita 1 nje ya katikati ya nguzo hutaisikia tofauti. Zaidi ya 2, uzi wa 1 utaanza kufifia. Skrubu za Marekani ni za inchi, 6-32. Za magitaa mengi ya Asia ni M3, na hazibadilishani. Agiza pikapu pamoja na skrubu na springi zake.

Mwisho, mwulize muuzaji mwelekeo wa sumaku, upande wa juu ni kaskazini au kusini, na mwelekeo wa koili. Ukiweza kuishika, weka multimita kwenye omu, gusisha bisibisi ya chuma kwenye nguzo kisha uiondoe ghafla, na uangalie kama namba inaruka juu au chini. Fanya hivyo na pikapu yako ya kati, kwa mpangilio uleule wa nyaya. Ikiwa namba zinaruka upande mmoja, fezi zinakubaliana.

Kuifunga

Piga picha ya nyaya zote. Legeza nyuzi, au ziondoe. Tumia pasi ya kulehemu ya wati 40 yenye ncha safi, na kwa mgongo wa poti upashe chuma kwanza ndipo ulete risasi ya kulehemu. Risasi isiyoenea na kung'aa itaachia ndani ya mwezi. Usitumie pasi ya bunduki yenye transfoma karibu na pikapu, uga wake unaweza kufifisha sumaku za alniko. Ziache sumaku za spika mbali na meza kwa sababu hiyohiyo. Usiivute pikapu kwa nyaya zake, na usiziinamishe kwenye kijitundu zinapotokea.

Kabla ya kurudisha skrubu, chomeka kebo na ugonge kila pikapu kwa bisibisi katika kila nafasi ya swichi. Rudia kipimo cha multimita kwenye plagi. Nyaya za pikapu mpya ziache na urefu wake wote, zikunjie ndani ya shimo, usizikate hadi uwe umepiga nayo mazoezi na onyesho moja kwa sauti kamili; duka haliipokei iliyokatwa waya, na anayeinunua kwako baadaye atahitaji urefu huo kwenye gitaa lake.